Kadi ya Mukhisa

Jambo la kwanza ambalo kila mgeni aliligundua kwa Zachary Ndirangu ni kwamba hakukaa karibu na moto. Mwezi wa Julai, wakati baridi ya Kitale humfanya mtu avae koti hata akiwa ndani ya nyumba, jamaa zake walivuta viti vyao hadi magoti yakakaribia kuungua. Zachary peke yake alichukua kiti cha mlangoni, mahali upepo ulipopenyea, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na kujikunyata ndani ya sweta. Ukimkaribisha asogee, alitabasamu akasema yuko sawa. Ukimwuliza sababu, hakuwa nayo. Alikuwa amekaa pale tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumwona akikaa kwingine.

Mwaka huo wa 2005 alikuwa karibu kutimiza miaka ishirini na mitatu. Aliishi na mama yake, Wacuka, katika shamba lao la mahindi huko Kiminini, na mjini Kitale alifanya kazi katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Baba yake, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Kila Jumatano Zachary aliomba ruhusa ya saa moja, akapanda baiskeli yake na kwenda uwanja mdogo wa ndege, kwa sababu siku hiyo ilikuja ndege ya injini moja iliyobeba madaktari wa macho. Majirani wa uwanja walikuwa na mazoea ya kuchunga ng'ombe pale pale ndege inaposhuka. Zachary aliwafukuza wale ng'ombe kabla ndege haijafika. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Rubani wa ndege hiyo aliitwa Kiplangat, mtu mfupi mwenye mvi za mapema.

"Ng'ombe wa nani hawa?" aliuliza siku ya kwanza, akitelemka.

"Wa jirani, Kapteni."

"Mwambie jirani siku moja nitashuka na nyama."

Wakawa marafiki hivyo. Madaktari walipokuwa hospitalini, Kiplangat alikaa kivulini chini ya bawa na kula mahindi ya kuchoma aliyoletewa na Zachary. Alimfundisha jina la kila kidude kwenye dashibodi. Alimweleza jinsi hewa ya mchana inavyopanda kutoka kwenye mashamba yaliyolimwa na kuitikisa ndege. Siku moja akamwuliza, bila kumwangalia, kama anaitaka kazi hiyo kweli au anapenda tu kuitazama.

"Naitaka, Kapteni."

"Basi usikize. Mshahara ni mzuri, sitakudanganya. Nimemjengea mama nyumba, watoto wangu wanasoma. Na asubuhi ukiinuka hapa, jua liko upande wa milima ya Cherangani, unaona Mlima Elgon wote umekaa wazi kama sahani mezani, unajiuliza ni nani huyu anakulipa kuangalia kitu kama hiki." Alitupa gunzi. "Lakini dereva wa lori akisikia kizunguzungu anaegesha kando. Sisi hatuna kando. Kila mwaka naenda kwa daktari nikitetemeka kama mtu anayengoja hukumu. Nikitoka na ile karatasi, ndipo najua mwaka huu bado mimi ni rubani. Rafiki yangu alipatikana na shida ya moyo akiwa na miaka thelathini na sita. Asubuhi rubani, jioni muuza mitumba."

"Na sasa yuko aje?"

"Yuko hai. Na wale abiria aliokuwa awabebe kesho yake, wako hai pia. Hiyo ndiyo kazi ya karatasi."

Zachary aliyabeba maneno hayo nyumbani, lakini aliyabeba kama yanayomhusu mtu mwingine. Yeye hakuwa ameumwa hata jino tangu darasa la kwanza. Tena bahati ilikuwa imemwangukia mwaka huo. Mjomba wake Gathii, aliyekuwa akiendesha malori makubwa huko Marekani, hakuwa na mtoto wa kusomesha, akaandika barua kwamba angelipa karo yote ya chuo cha urubani, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuo kimoja cha Nairobi kilimpa Zachary nafasi ya Januari. Kilibaki kitu kimoja tu, cheti cha daktari wa marubani.

Fomu ya daktari ilifika mwezi wa Oktoba. Jumapili baada ya ibada aliiweka mezani, akachukua kalamu na kuanza kujaza. Umewahi kufanyiwa upasuaji? Hapana. Una ugonjwa wa kisukari? Hapana. Dada yake mkubwa, Mwihaki, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amekuja kumsalimia mama, alisimama nyuma yake akisoma juu ya bega lake. Kalamu ilipofika kwenye swali la kuanguka kwa kifafa, kuzimia au kupoteza fahamu, Mwihaki aliweka kidole juu ya karatasi.

"Hapo usiandike hapana."

"Kwa nini?"

"Muulize mama kwa nini hukai karibu na moto."

Wacuka alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama. "Mwihaki," alisema polepole, "hiyo ilikuwa malaria. Malaria ilimpanda kichwani. Watoto wangapi wamepandwa na malaria kichwani hapa?"

"Mama, nilikuwa na miaka kumi. Mimi ndiye ulinipa kijiko nimtie katikati ya meno. Ukaniambia nikisema kwa watu utanichapa, na nisimwache karibu na moto, wala mtoni, wala juu ya mti. Nikamfukuza kwenye moto mpaka akazoea mwenyewe."

Zachary aliutazama mkono wake ulioshika kalamu. Alijaribu kukumbuka moto, mto au mti, na hakukumbuka chochote ila kwamba wavulana wengine walipanda mipera na yeye alibaki chini akiokota.

Habari yenyewe ilitoka kwa Wacuka vipande vipande. Zamani hizo alikuwa akipeleka viazi soko la Bungoma kila Jumanne. Zahanati ya karibu na nyumbani ilikuwa na muuguzi wa kanisa lao, na muuguzi huyo hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Wakati ule nyumba iliyosemwa kuwa na mtoto wa kuanguka ilitengwa. Mabinti wa nyumba hiyo walizeeka kwa mama yao, kwa maana hakuna familia iliyotaka kuleta damu hiyo kwao. Wacuka alikuwa na mabinti watatu. Kwa hiyo Zachary alipoanguka mara ya kwanza, alimfunga mgongoni na kumpeleka Bungoma, mahali ambapo hakuna aliyewajua, isipokuwa mwanamke mmoja aliyeuza maharagwe na njugu kando ya viazi vyake. Mwanamke huyo, Mama Mukhisa, alimwazima kadi ya kliniki ya mwanawe, ili jina la Zachary lisiandikwe popote. Zachary akatibiwa kwa jina la Mukhisa, mara tatu. Baada ya hapo hakuanguka tena.

"Hata marehemu baba yako hakujua," alisema Wacuka. "Na wasichana wangu wote wameolewa. Hilo sijutii, Zachary. Nikidanganya niseme najuta, Mungu ananisikia." Akaanza tena kumenya kiazi kilekile, ambacho hakikuwa na ganda tena. "Andika hapana. Nani ataenda Bungoma kuuliza?"

Fomu ilikaa mezani bila kumalizwa siku tatu. Jumatano Zachary alimweleza Kiplangat yote, wamesimama kando ya bawa. Alikuwa akitarajia kuambiwa kwamba si kitu. Kiplangat alitoa simu yake, akampigia daktari aliyempima yeye kila mwaka, akamweleza kwa maneno machache na kumpa Zachary simu.

Sauti ya daktari ilikuwa ya mwanamke asiye na haraka. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Mama anasema mitatu, na mara ya mwisho minne."

"Mama anasema. Karatasi inasema nini?"

"Sijaiona, Daktari."

"Basi itafute. Degedege la homa kali kabla ya miaka mitano, likaisha na lisirudi tena, hilo naweza kulipeleka mbele ya wenzangu tukalijadili. Kuanguka bila homa, au baada ya miaka mitano, hilo hatuna njia nalo. Niletee karatasi ya siku ile, iliyoandikwa na mtu aliyekuona. Jopo la madaktari linakaa katikati ya Desemba."

Zachary alirudisha simu. Akaketi kwenye nyasi.

"Ungeweza kuandika hapana," Kiplangat alisema, kana kwamba anajibu swali ambalo halikuulizwa. "Wengine wameandika. Mimi nisingepanda nyuma yao."

Jumanne iliyofuata mama na mwana walikwenda Bungoma. Wacuka alikuwa hajafika soko hilo kwa miaka kumi, na alipita kati ya mafungu ya maharagwe akiangalia nyuso, mpaka mwanamke mmoja mnene aliyekalia gunia akapiga kofi kwenye paja lake.

"Mama Mwihaki. Mimi nilijua umekufa, bana, nikasema hata hawa Wakikuyu wa Kitale wangenitumia ujumbe basi."

"Sijafa, Mama Mukhisa. Nimezeeka tu."

"Kwani mimi nimekuwa msichana? Na huyu mrefu ni nani? Si ule mtoto wa mgongo?" Alimshika Zachary mkono, akamgeuza huku na huku kama anayepima kuku. "Ameota vizuri. Ulimlisha nini? Kaa chini, kijana. Umekuja kuniletea soda ama umekuja kuoa? Kwa sababu wasichana nimemaliza."

Wacuka hakuweza kucheka. Alipiga magoti kwenye vumbi, karibu na gunia, akamwambia shida yao kwa sauti ya chini. Kadiri alivyoendelea, ndivyo uso wa Mama Mukhisa ulivyozidi kupoteza mchezo wake. Mwishowe alifunika maharagwe kwa turubai, akamwomba jirani amwangalizie, akawaongoza hadi nyumbani kwake, vyumba viwili ng'ambo ya reli.

Kadi ilikuwa ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo. Ilikuwa ya kijani, imechakaa kwenye mkunjo. Juu iliandikwa Mukhisa, na tarehe ya kuzaliwa Januari 1980. Zachary aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kwenye mwanga. Aprili 1986: ameanguka mara moja, joto arobaini, malaria. Septemba 1986: ameanguka, joto thelathini na tisa na nusu, malaria. Machi 1987: ameanguka mara mbili, amepewa dawa ya usingizi, arudi kesho.

Mstari huo wa tatu haukuwa na joto. Nafasi yake ilikuwa tupu.

"Mbona hapa hawakuandika?" aliuliza.

"Siku hiyo kulikuwa na watu wengi," alisema Wacuka. "Walituambia turudi kesho. Sikurudi. Nilikuwa nimemwona mke wa mchungaji wetu kwenye foleni, sijui alifuata nini Bungoma. Nilikufunika na leso, nikatoka kwa mlango wa nyuma."

Zachary alihesabu kwa vidole. Yeye alizaliwa Novemba 1982. Lakini kwa kadi hii, mtoto aliyeanguka mwezi wa Machi 1987 alikuwa na miaka saba. Karatasi aliyokuwa ameomba usiku na mchana ipatikane ilikuwa mkononi mwake, na kila ilichosema kilimfungia mlango.

Ndipo baiskeli iliposimama nje. Kijana mwenye mabega mapana, aliyevaa shati la manjano la waendesha bodaboda, aliinama kupita mlangoni. Alisalimu wageni, akaona kadi na jina lake juu yake.

"Hiyo si ni yangu? Inafanya nini na mgeni?"

Mama yake alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati na kurudi mwanzo, lakini Mukhisa alielewa kabla hajamaliza. Aliketi juu ya kitanda.

"Darasa la tatu," alisema, "mwalimu aliuliza kadi za kliniki. Akasoma yangu. Kutoka siku hiyo sikucheza mpira. Ati nitaanguka. Wakaniita Mwanguko mpaka nikamaliza shule. Mama, nilikuja kukuuliza, ukasema watoto ni wajinga, niwapuuze." Alimgeukia Zachary. "Na wakati huo mimi sijawahi kuanguka hata kwa baiskeli. Kumbe ni wewe. Miaka yote hii nimekubeba bure, na mimi kazi yangu ni kubeba watu kwa malipo."

Hakuna aliyejua kama ni utani. Zachary alitaka kusema pole, lakini neno lenyewe lilionekana dogo mno. Alilisema hata hivyo.

"Pole itafanya nini? Mwaka jana nilipeleka wazee kwa msichana mmoja huko Bumula. Shangazi yake alisoma na mimi. Wakasema watatuma jibu. Mpaka leo hilo jibu liko njiani. Unataka nini hasa?"

"Nataka mama yako aape mbele ya wakili kwamba mtoto aliyetibiwa ni mimi, si wewe. Ili miaka iwe yangu."

"Aape. Na mimi nataka nakala yangu, iko na muhuri. Nitaipeleka Bumula mimi mwenyewe."

"Na hapa?" Wacuka alinyoosha kidole kwenye nafasi tupu. "Hapa itakuwaje?"

Mukhisa alichukua kadi, akaiangalia, akairudisha. "Si ujaze tu. Kalamu ya bluu, thelathini na tisa. Nani atajua, bana?"

Walimwacha Zachary peke yake nyumbani, wao wakaenda kumtafuta wakili. Aliketi kwenye meza ndogo na kadi mbele yake. Kalamu ya muuguzi wa miaka ile ilikuwa ya bluu, na kalamu iliyokuwa mfukoni mwa Zachary ilikuwa ya bluu. Kwenye ukingo wa gazeti kuukuu alijaribu kuandika tatu na tisa. Tatu ya muuguzi ilikuwa na kichwa bapa, na tisa yake ilikuwa na mkia uliopinda. Baada ya kujaribu mara nne, zilifanana. Baada ya mara sita, yeye mwenyewe hangeweza kuzitofautisha.

Alipima mambo kama alivyofunzwa shuleni, faida upande huu na hasara upande ule, lakini hayakukubali kutulia upande wowote. Akijaza, atasoma, ataruka, ataona Elgon asubuhi, atamjengea mama yake nyumba ya mawe. Akijaza, mjomba Gathii hatakuwa ameahidi bure. Asipojaza, atauza mbegu mpaka azeeke, na kila Jumatano atafukuza ng'ombe kwa ajili ya watu wengine. Na kama ni kweli hakuwa na homa siku ile? Basi jambo lile liko ndani yake bado, limelala, nalo linaweza kuamka juu ya mawingu na madaktari wanne wameketi nyuma yake. Lakini huenda alikuwa na homa. Huenda alikuwa akiungua. Aliye na jibu ni muuguzi aliyekuwa na foleni ndefu, na muuguzi huyo hajulikani hata jina.

Mama yake aliporudi kumwita alimkuta ameshika kalamu hewani.

"Andika," alisema Wacuka. "Mimi ndiye nilikuwa nimekubeba. Mgongo wangu ulijua."

"Nilikuwa na homa?"

Wacuka alishika ukingo wa meza.

"Mama, nilikuwa na homa siku hiyo?"

"Sikumbuki," alisema. "Nimejaribu tangu Jumapili ile. Nakumbuka leso, nakumbuka mlango wa nyuma, nakumbuka mke wa mchungaji alivaa kofia nyeupe. Homa sikumbuki."

Zachary alilipasua lile gazeti katikati ya ile mistari ya tatu na tisa, akaviweka vipande mfukoni. Baadaye, Mwihaki alipomwuliza kwa nini hakujaza, hakusema habari ya dhamiri wala ya abiria. Alisema kwamba angejaza, asingejua kamwe. Angekaa kwenye kiti cha mlangoni maisha yake yote, hata akiwa kapteni.

Wakili aliandika hati ya kiapo kwa nakala mbili. Mama Mukhisa aliapa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Mukhisa alikunja nakala yake mara moja tu, kwa uangalifu, akaitia ndani ya shati, kisha akampakia Wacuka na mzigo wake kwenye baiskeli hadi stendi na kukataa nauli. "Mtoto wa huyu mama nilishambeba zamani," alisema. "Namalizia tu safari."

Mwisho wa Novemba Zachary alikwenda Nairobi. Daktari aliisoma kadi, akasoma kiapo, akarudi kwenye kadi. Aliweka ncha ya kalamu yake kwenye nafasi tupu, akaiacha hapo muda mrefu.

"Ungeweza kuijaza," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

Hakumsifu wala kumpa tumaini. Alimtuma kupimwa umeme wa ubongo, na akamwamuru asilale usiku wa kuamkia kipimo, kwa sababu ubongo uliochoka hauna nguvu ya kuficha. Zachary alibandikwa nyaya kichwa kizima. Taa ilimulika machoni pake haraka haraka, ikasimama, ikamulika tena. Kila ilipomulika aliuma meno akingoja kuanguka. Hakuanguka. Lakini katikati ya mimuliko ile, mpimaji alivuta daftari na kuandika kitu kirefu, mistari mitatu au minne. Zachary alipomwuliza ni nini, alijibiwa kwamba majibu hutolewa na jopo peke yake.

Mistari hiyo ilimfuata hadi Kitale. Alipima mbegu dukani na kukosea uzito. Alijikuta amesimama katikati ya barabara akijisikiliza mwili, kope likicheza, kidole kikishtuka, na kila mshtuko ulikuwa ushahidi dhidi yake. Wiki mbili hakwenda uwanjani. Hakutaka Kiplangat amwone, na zaidi ya hapo hakutaka kuiona ndege. Wacuka alifunga na kuomba, kisha akakonda kiasi kwamba Mwihaki alimwamuru ale. Baadhi ya siku Zachary aliomba apewe cheti. Siku nyingine alijikuta akiogopa kupewa, kwani akipewa, mwaka ujao atarudi kwa daktari, na mwaka utakaofuata, akisubiri kunyang'anywa, kama Kiplangat, maisha yake yote. Hata hivyo alikitaka.

Jopo lilikaa Jumatano, tarehe kumi na nne Desemba. Daktari alikuwa amesema angepiga simu Alhamisi, kabla ya saa saba mchana. Orodha ya chuo ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Mtandao wa simu uliingia katika nyumba yao mahali pamoja tu, kwenye dirisha dogo la jikoni, juu ya meko. Alhamisi saa nne asubuhi Zachary aliweka simu pale. Kutoka mlangoni mlio wake ulisikika vizuri, lakini mtu akiruka kutoka mlangoni angeweza kuchelewa, na simu ya namna hiyo haipigwi mara mbili. Alibeba kiti chake hadi kando ya moto, akaketi, magoti yakiwa hatua moja kutoka kwenye kuni.

Wacuka aliuona mkono wake mwenyewe ukiinuka kumzuia. Aliushusha, akauweka chini ya leso. Mwihaki alimtazama mama yake, kisha akamtazama ndugu yake, akaongeza kuni.

Saa tano na nusu simu ililia. Zachary aliinyakua hata kabla hajaona jina.

"Niaje," sauti ya Mukhisa ilisema. "Wamesemaje?"

"Bado. Toka kwa laini, bana. Utanifungia njia."

"Sawa, sawa. Lakini nikuambie, kule Bumula wameniita Jumamosi." Akakata.

Zachary aliirudisha simu dirishani, akaisogeza kidogo kushoto mahali vijiti vya mtandao vilipokuwa vitatu. Uso wake ulikuwa umeanza kutoa jasho kwa joto ambalo hakulizoea. Hakusogea. Saa sita ilipita. Saa sita na dakika ishirini Wacuka alimimina chai, naye akaipokea kwa mkono mmoja, kwa maana wa pili ulikuwa umekaa wazi kwenye ukingo wa dirisha, kando ya simu.